Kiwanja, hatifungani au kikoba? Ulinganisho kwa familia iliyohamia Dodoma

Tulifika Dodoma mwishoni mwa 2017 na watoto wawili, magodoro juu ya Fuso, na akiba ya shilingi milioni nne kwenye akaunti ya mume wangu. Wiki mbili hazijaisha nilikuwa nimeshaonyeshwa viwanja vinne. Serikali ilikuwa imetangaza Julai 2016 kwamba inahamia huku, na kila dalali aliyenipandisha bodaboda aliniambia lilelile: "Shemeji, mwakani hapa hapashikiki." Hakuna aliyeniuliza kama tutakaa Dodoma miaka miwili au ishirini, au kama mama mkwe kule Kigoma anatumiwa hela ya dawa kila mwezi.

Maswali hayo ndiyo yanayomtofautisha mhamiaji na mzaliwa wa hapa. Mgogo mwenye shamba la ukoo Mvumi au Bahi akikwama ana pa kurudi. Sisi tuliokuja tuna kodi ya nyumba ya kulipa, wazee wanaotutegemea mbali, na barua ya uhamisho inayoweza kuja siku yoyote. Kwa hiyo sikulinganisha kwa kuuliza tu ni kipi kinalipa zaidi. Kila kitu nilikipima hivi: naweza kuhama nacho? Nikipigiwa simu ya msiba usiku, nitapata hela yake lini? Kinazaa bila mimi kukisimamia? Na sheria inaniruhusu kukimiliki?

Kwanza neno moja kwa mwenye deni. Kama una mkopo wa kausha damu, yaani wa riba kubwa mno, ulipe huo kabla ya kuwekeza popote. Hata wakopeshaji wenye leseni wanaruhusiwa kutoza hadi 3.5% kwa mwezi, yaani 42% kwa mwaka. Hakuna kitu halali nitakachokitaja hapa chini kinachokuahidi hivyo. Kulipa deni la namna hiyo ndio uwekezaji wako wa kwanza.

Kiwanja na hatifungani za serikali

Hivi viwili naviweka pamoja kwa sababu kwa familia nyingi ninazozijua Dodoma ndivyo vinavyogombania hela ileile: milioni mbili, tatu, tano zilizokusanywa kwa taabu.

Kiwanja kina nguvu yake na siidharau. Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, ikangoja zaidi ya miaka arobaini, kisha mambo yakaja kwa mkupuo: jiji Aprili 2018, Mji wa Serikali Mtumba, treni ya SGR kutoka Dar es Salaam mwaka 2024, uwanja wa ndege Msalato. Mfanyakazi mwenzake mume wangu alinunua mapema kiwanja kilichopimwa Iyumbu, akapata hati, akajenga vyumba viwili na sebule, akahamia. Kodi ya nyumba aliyokuwa akilipa ndiyo inayomalizia ukuta sasa. Ukiniuliza kama alifanya vizuri, nitasema alifanya vizuri sana.

Sisi tulifanya vibaya. Mwaka 2018 tulinunua eneo upande wa Nala kwa milioni mbili na nusu. Tulipewa karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mashahidi, basi. Hakukuwa na namba ya kiwanja wala bikoni (nguzo ya mpaka) hata moja. Wapimaji walipopita, zaidi ya nusu ya eneo likaangukia kwenye hifadhi ya barabara, na kipande kilichobaki hakitoshi hata nyumba ya vyumba viwili. Aliyetuuzia hakupokea simu tena. Ile ilikuwa hela ya miaka mitatu ya kujinyima, na nimeilia. Naieleza ili wewe ujue tofauti kati ya kununua kiwanja na kununua karatasi.

Kwa hiyo ukiamua kiwanja, kiwe kimepimwa, kiwe na barua ya toleo au hati yenye jina la huyohuyo anayekuuzia. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya jiji ukaulize matumizi ya eneo hilo kwenye ramani ya mipango miji: ni makazi, shule au eneo la wazi? Omba upekuzi kwa msajili wa hati. Mwenza wa muuzaji asaini. Kisha rudi saiti siku ya pili bila dalali, uulize majirani. Uliza na maji, maana Dodoma kiwanja kinaweza kuwa kizuri na bado ukanunua boza la maji miaka yote.

Zipo na gharama zinazosahaulika. Kila mwaka kuna kodi ya pango la ardhi. Hati yenyewe ni ya muda, miaka 33, 66 au 99, na ina masharti ya kuendeleza. Ukiuza kwa faida, kuna kodi ya ongezeko la mtaji. Na kiwanja kitupu hakizai chochote. Kinangoja bei ipande, nawe unangoja nacho.

Sasa weka pembeni hatifungani. Hapa unaikopesha serikali kupitia Benki Kuu, nayo inakulipa riba kila baada ya miezi sita hadi muda uishe, kisha inakurudishia mtaji wako. Zipo za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20 na 25, na unaanzia shilingi milioni moja. Unanunua kupitia benki yako au dalali wa hisa mwenye leseni, ukifunguliwa akaunti ya CDS, ya kutunza dhamana kwa njia ya kielektroniki. Hati ya karatasi huna haja nayo, kwa kuwa jina lako limo kwenye daftari la kielektroniki, na ukihamishiwa Mtwara kesho riba inakufuata kwenye akaunti yako ya benki palepale.

Chukua mfano wa namba. Mwaka 2021 hatifungani ya miaka 20 ilikuwa na riba ya 15.49%. Aprili 2022 serikali ikashusha riba ya zile mpya za miaka 20 hadi 12.10%. Aliyeshika milioni moja ya ile ya kwanza anapokea shilingi 154,900 kwa mwaka, na ataendelea kupokea hivyo hadi iive, hata riba mpya zishuke vipi. Aliyechelewa mwaka mmoja anapata 121,000, yaani 60,500 kila nusu mwaka. Kwa zile za muda mrefu riba hii haikatwi kodi ya zuio. Riba hubadilika toleo hadi toleo, kwa hiyo soma tangazo la Benki Kuu la mnada wenyewe kabla hujatoa hela.

Udhaifu wake upo pia. Ukitaka hela kabla ya muda, lazima mtu ainunue sokoni, na kama riba mpya zimepanda kuliko yako, utaiuza kwa hasara. Unaweza kuitumia kama dhamana ya mkopo benki, lakini hela ya ada ya Januari haikai kwenye hatifungani ya miaka 20. Halafu ile riba ukiila yote kila miezi sita, baada ya miaka 20 unarudishiwa milioni yako ileile, ambayo haitanunua tena vitu inavyonunua leo. Mfumuko wa bei wa miaka ya karibuni umekuwa kati ya 3% na 5%, na huo haulali.

Kwa familia ambayo haina hakika kama itabaki Dodoma, naiweka hatifungani mbele ya kiwanja. Kwa familia iliyoamua kuzeekea hapa na inayolipa kodi ya nyumba kila mwezi, kiwanja kilichopimwa kinatangulia, mradi mnajenga na kuhamia. Kiwanja cha kungoja bei, cha tatu na cha nne, siwashauri wanaoanza.

Fiksi ya benki na vipande vya mfuko wa pamoja

Wengi wetu hatuna milioni moja ya kufungia, tuna elfu hamsini ya mwisho wa mwezi. Hapa ushindani ni kati ya amana ya muda maalumu, ambayo mtaani tunaiita fiksi, na mifuko ya uwekezaji wa pamoja kama ya UTT AMIS, kampuni ya serikali ya kusimamia mifuko hiyo, iliyoanza na Mfuko wa Umoja mwaka 2005.

Fiksi ni rahisi kuielewa. Unakubaliana na benki riba na muda, unafunga, unasubiri. Riba inakatwa kodi ya zuio ya 10%, kwa hiyo ukiahidiwa 9% mkononi inafika 8.1%. Ukivunja kabla ya muda, unapoteza riba au sehemu kubwa yake. Jambo kubwa linaloitetea ni Bodi ya Bima ya Amana: benki ikifilisika, mteja analindwa hadi shilingi milioni 7.5. Mwenye milioni tano asiyetaka kusikia habari za kupanda na kushuka, fiksi inamfaa, na wala asione haya.

Kwenye mfuko hukopeshi mtu mmoja. Hela yako inachanganywa na ya maelfu ya wengine, wasimamizi wananunua hatifungani, amana za benki na, kwa baadhi ya mifuko, hisa, nawe unapewa vipande. Thamani ya kipande hutangazwa, na faida yako ni kule kupanda kwake. Mfuko wa Ukwasi wa UTT unaanzia shilingi 100,000, kisha unaongeza hata elfu kumi kumi kwa simu. Hauna gharama ya kuingia wala kutoka, na ukiomba hela yako inalipwa ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wa Hatifungani unaanzia 50,000 kwa anayetaka hela ikue, ila anayetaka kulipwa kila mwezi anahitaji kuanza na milioni kumi. Upo pia Mfuko wa Faida wa Watumishi Housing, ulioanza 2022 na unaoanzia kiasi kidogo zaidi.

Hakuna anayekudhamini faida kwenye mfuko, na ile bima ya amana haihusiki. Lakini kwa mhamiaji nauona ni bora kuliko fiksi, na sababu yangu ni ile simu ya usiku. Baba yangu alipofariki, hela ya kwanza tuliyoipata ilikuwa ya kukopa kwa majirani, ya pili ikatoka Ukwasi siku mbili baadaye, na majirani wakalipwa kabla hatujarudi kutoka Kasulu. Ingekuwa kwenye fiksi, tungevunja na kupoteza. Ingekuwa kwenye kiwanja, tungeuza kwa bei ya kulia.

Na kidogo kidogo kinajaza kibaba kweli. Tuseme unaweka 50,000 kila mwezi na faida iwe 10% kwa mwaka (mfano wa hesabu tu, sio ahadi ya mfuko wowote). Miaka kumi utakuwa umeweka milioni 6 na kukuta milioni 10 na laki mbili hivi. Endelea hadi miaka kumi na tano: umeweka milioni 9, unakuta zaidi ya milioni 20. Mitano ile ya mwisho imeongeza kama kumi yote ya mwanzo, na ndiyo maana anayeanza na kidogo leo anamshinda anayesubiri apate kingi.

Kikoba na SACCOS

Kikoba kwa mgeni wa mji kina faida isiyoandikwa kwenye daftari: kinakupa watu. Mwaka wetu wa kwanza Nkuhungu sikumjua mtu. Wanawake wa kikoba ndio waliokuja nilipojifungua, na wao ndio waliochanga wakati wa msiba kutoka mfuko wa jamii wa kikoba. Hisa unanunua kila wiki, mnakopeshana, riba ya mikopo mnagawana mwisho wa mwaka kikoba kinapovunjwa.

Lakini kikoba ni cha mwaka mmoja mmoja, na uzima wake uko mikononi mwa wanaotunza sanduku. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa, na mimi siingii kisichosajiliwa hata kama mwenyekiti tunasali kanisa moja. Kukusanya hela kikoba, sawa. Kuitunza miaka kumi kikoba, hapana. Mgao wa Desemba uondoke palepale kwenda kwenye vipande au hatifungani, kabla ya sikukuu kuumaliza.

SACCOS, ushirika wa akiba na mikopo, ni kikoba kilichokua, chenye leseni ya Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambayo makao yake ni hapahapa Dodoma. Ubora wake ni mkopo wenye riba nafuu, mara nyingi hadi mara tatu ya akiba yako. Ubaya kwa anayehama: kama ni ya mahali pa kazi, ukiondoka kazini unaondoka na kwenye ushirika.

Hisa, zabibu, na nyumba ya kijijini

Hisa nazipitia haraka. Soko la Dar es Salaam linauza na kununua tangu 1998, NMB iliingia 2008 na CRDB 2009, na leo unaweza kununua ukiwa mtaa wa Kisasa kwa simu kupitia programu ya Hisa Kiganjani. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa linakatwa 5%. Zinaweza kulipa kuliko vyote hapa, na zinaweza kukuumiza: Vodacom iliuzwa shilingi 850 kwa hisa mwaka 2017, na miaka kadhaa baadaye ilikuwa bado chini ya bei hiyo. Weka hela usiyoihitaji kwa miaka mitano, na iwe ya mwisho kwenye foleni.

Shamba la zabibu wageni wanalipenda kwa macho. Zabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, kweli, lakini soko linayumba na mzabibu unataka mtu wa kuukagua kila siku. Kama huna mtu huyo Hombolo au Mpunguzi, acha.

Nyumba ya kijijini ni jambo zito zaidi, na sitaki kulipunguza. Tumelelewa kuamini kwamba mtoto aliyekwenda mjini anajenga kwao. Mume wangu aliniambia, "Mama watoto, nikifa leo wanizike kwenye kiwanja cha nani?" Nilimwelewa. Tulikubaliana kuwajengea wazee nyumba ndogo ya bati, imara, ya kuwatosha, na tukaiita kwa jina lake: wajibu. Haina kodi ya kupokea, haiuziki kirahisi, na mkijenga kubwa ya kuonekana Krismasi, watoto wenu watakosa ada huku. Ile ya vyumba sita tuliyoichora mwanzo tungekuwa bado tunaipaka rangi.

Kwa asiye raia

Jirani yangu wa ukuta mmoja ametoka Bujumbura, mumewe ni mwalimu na wana kibali cha ukaazi. Alikuja kwangu mwaka juzi: "Dada, kuna mtu ananiuzia kiwanja, ataandikisha kwa jina lake kisha tutaandikiana." Nilimshika mkono. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji chini ya sheria ya uwekezaji. Akinunua kwa jina la mwingine, mwenye jina ndiye mwenye ardhi, na mahakamani hatakuwa na pa kusimama.

Kwake ulinganisho unageuka kabisa. Kiwanja hakimo. Hisa za soko la Dar es Salaam zinaruhusiwa kwa wageni. Hatifungani za serikali zilifunguliwa kwa wakaazi wa nchi za Afrika Mashariki mwaka 2014, kwa masharti, kwa hiyo aanze kwa kumuuliza dalali wa hisa mwenye leseni masharti ya sasa kabla ya kupeleka hela. Akaunti ya benki na fiksi anapata kwa kibali na pasipoti. Kikoba kilimpokea bila shida.

Na hasa yeye, kwa kuwa milango mingine imefungwa, ndiye anayefuatwa na wenye mifuko ya ajabu. Wakubwa wanaikumbuka DECI, iliyoanguka 2009: watu "walipanda mbegu" wakiahidiwa kuvuna mara mbili, wakavuna machozi, wengi wakiwa wameuza mali zao. Siku hizi inakuja kwa jina la programu ya simu na kundi la WhatsApp. Ukiahidiwa faida ya kila siku, au ukilipwa kwa kuleta watu, funga mlango.

Ningegawaje leo

Familia ya mtumishi iliyopanga, isiyojua kama itabaki: miezi mitatu ya matumizi kwenye Ukwasi kwanza. Baada ya hapo hatifungani, milioni moja baada ya nyingine, na kila riba ikiingia irudi kwenye vipande. Kiwanja baada ya miaka miwili au mitatu ya kuujua mji.

Familia ya biashara ndogo, mama wa genge Majengo au fundi Chang'ombe, ambayo kipato kinapanda na kushuka: kikoba kwa ajili ya mzunguko, vipande kwa ajili ya watoto, na hakuna kufunga hela ndefu hadi deni liishe.

Kwa wote watatu, wale wawili na jirani yangu, namba za akaunti ya CDS na za vipande ziandikwe kwenye daftari, na mwenza ajue daftari liko wapi. Tuko mbali na ndugu. Mmoja akiondoka ghafla, mwingine asianze kubahatisha kwenye simu yenye nywila.

Jirani yangu alianza Machi. Ana fiksi ya miezi sita kwa jina lake mwenyewe, hisa yake ya kikoba kila Jumamosi, na amekwishaongea na dalali wa hisa kuhusu hatifungani ya miaka mitano. Ile hela ya kiwanja alinionyesha juzi kwenye taarifa ya benki. Ipo yote.